Je, Wajua? Mfuko wa Polisi wa Kenya

Hadi 2022, bajeti ya polisi wa Kenya ilikuwa chini ya Ofisi ya Rais. Septemba 13 mwaka huo, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kuihamisha na kumfanya Inspekta Jenerali wa Polisi kuwa afisa mhasibu. Sare, mafuta ya magari, karatasi za ofisini: mwenye kujibia fedha hizo sasa ni yeye.

Na kujibia huko si maneno matupu. Kifungu cha 226 cha Katiba ya 2010 kinamweka afisa mhasibu mbele ya Bunge la Taifa. Mtumishi wa umma akiidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria, hasara anailipa mwenyewe, hata akiwa ameshaondoka ofisini! Hapo ndipo penye makali.

Vyeo na uhamisho? Katiba ilivikabidhi kwa Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi. Ina viti 9. Polisi walio kazini wana 3 tu, cha Inspekta Jenerali na vya manaibu wake wawili.

Inspekta Jenerali mwenyewe hukaa miaka 4. Hateuliwi tena.