Je, Wajua? Homa ya Mama Mjamzito na Ubongo wa Mtoto

Je, wajua kwamba mtindio wa ubongo unaweza kuanza tumboni, miezi kabla mkunga hajamgusa mtoto? Mwaka 1861 daktari William John Little aliwaeleza wenzake wa London kwamba viungo vya watoto wenye hali hiyo hukakamaa kwa sababu ya uzazi mgumu na kukosa hewa. Mwaka 1897 Sigmund Freud, yule anayejulikana zaidi kwa kufasiri ndoto, alipinga: huenda uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya tatizo la zamani zaidi. Ilichukua miongo mingi hadi tafiti zikaonyesha kwamba hakukosea.

Je, wajua kwamba tatizo hilo linaweza kuwa maambukizi ya mama, na si lazima kijidudu kimfikie mtoto ndipo aumie? Maambukizi yakishika kondo na utando wa chupa ya uzazi, mwili wa mama hujitetea, na kemikali za kujitetea huko zinaweza kuunguza nyuzi changa za ubongo zinazopeleka amri kwenye misuli. Wiki ya 24 hadi ya 32 ndiyo ya hatari zaidi. Tena maambukizi hayo huleta uchungu kabla ya wakati, na mtoto njiti ana hatari yake mwenyewe.

Vijidudu vingine humfikia kweli. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda. Dunia haikuvijali sana hadi mwaka 2015, Brazil ilipoona watoto wakizaliwa na vichwa vidogo. Wengi wao wana mtindio wa ubongo.

Huko huko Uganda, katika wilaya za Iganga na Mayuge, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta karibu watoto 3 kati ya kila 1,000 wakiwa na mtindio wa ubongo. Mmoja kati ya wanne aliipata baada ya kuzaliwa salama, mara nyingi kwa malaria iliyopanda kichwani. Degedege, basi, ni ugonjwa wa kukimbiza kituo cha afya usiku huo huo.

Sasa fikiria Sake, mji wa eneo la Masisi, mashariki mwa Congo, ulio kilomita zipatazo 25 magharibi mwa Goma. Mapigano ya Februari 2024 yalisukuma familia nyingi kwenye kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma, na wajawazito walikuwemo. Ukihama hivyo, chandarua hubaki nyumbani na siku ya kliniki hupita. Hilo linaniuma, kwa kuwa kinga yenyewe ni rahisi: vidonge vya SP vya kuzuia malaria kuanzia mwezi wa nne, angalau mara tatu, kila dozi angalau mwezi mmoja baada ya nyingine, kupima mkojo, na kupima kaswende, ambayo hutibiwa kwa penisilini.

Akina mama wengi waliougua wakiwa na mimba huzaa watoto wazima, kwa hiyo homa isimtie mtu hofu ya kupindukia. Imtoe nyumbani tu. Mama, ukipata homa, maumivu ya kukojoa au maji ya uzazi yenye harufu, nenda ukapimwe leo. Nanyi mabwana na mama wakwe, msimtupie lawama wala kutafuta mchawi, msindikizeni.