Je, Wajua? Orka Huandama Usukani
Tangu mwaka 2020, orka wa Mlango wa Bahari wa Gibraltar, kati ya Hispania na Moroko, wamekuwa wakizigonga mashua za matanga na kuvunja usukani. Mashua kadhaa zimezama, lakini hakuna binadamu aliyeuawa. Wataalamu wengi wanaona ni mchezo, si hasira. Orka ni pomboo mkubwa kuliko wote, ingawa wengi humwita nyangumi muuaji. Walio hatarini hasa ni orka hawa wa Gibraltar: hawafiki 50, na wanategemea jodari. Mzazi unayesafiri huko na watoto, pita karibu na pwani. Orka wakitokea, usisimamishe chombo. Elekea penye kina kifupi, na watoto wakae mbali na kingo.