Jina la Wulfila

Zamani za kale palikuwa na taifa katika Ulaya lililoitwa Wagothi, watu hodari wa vita, waliokaa kaskazini ya mto Danube. Katika karne ya 3 waliishambulia Kapadokia, nchi iliyo leo ndani ya Uturuki, wakachukua mateka. Katika uzao wa mateka hao, yapata mwaka 311, alizaliwa mtoto, akaitwa Wulfila.

Jina hilo ni la lugha ya Wagothi, si la wazee wake. Neno "wulfs" maana yake ni mbwa-mwitu, yule mnyama mkali wa nchi za baridi; nalo "-ila" laonyesha udogo. Kiswahili huweka alama ya udogo mwanzoni, kama mlima na kilima. Wagothi waliiweka mwishoni. Basi Wulfila ni mbwa-mwitu mdogo. Siku hizi waitwao hivyo ni wachache mno.

Wulfila alipokuwa askofu, Wagothi hawakuwa na herufi za kuandikia vitabu. Akawatungia herufi, nyingi akizitwaa kwa Wayunani, akawafasiria Biblia. Philostorgius, mwandishi wa kale, asema kwamba aliviacha Vitabu vya Wafalme, kwa kuwa vimejaa habari za vita, na Wagothi walipenda vita kupita kiasi.

Falme za Wagothi zimetoweka. Lakini mjini Uppsala, nchi ya Uswidi, zimehifadhiwa kurasa za nakala ya kazi yake, zenye herufi za fedha na dhahabu. Hivyo mzao wa mateka ndiye aliyeiokoa lugha ya watu waliowateka wazee wake.