Kusogeza Mistari kwa Kompyuta

Wenzangu, muhula uliopita nilipewa kazi ya kupanga barua za wanafunzi wa zamani kwa ajili ya gazeti letu, kila mstari usogezwe ndani nafasi nne. Barua zilikuwa nyingi, nikaiachia kompyuta.

Kwa kompyuta barua nzima ni mlolongo mmoja wa herufi, mfano wa shanga katika uzi. Mstari unapokwisha pana alama tu, nayo huandikwa \n. Basi kwa lugha ya Python niliamuru: kila penye \n, weka \n na nafasi nne. Lo! Mistari yote ikasogea ila ule wa kwanza, maana hautanguliwi na alama yo yote. Hata mistari mitupu ikajazwa nafasi zisizoonekana.

Dawa imo katika Python yenyewe tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012:

import textwrap
barua = textwrap.indent(barua, "    ")

Amri hii husogeza na mstari wa kwanza, mitupu huiacha. Lakini usisahau kuandika "barua =", kwani mlolongo wa herufi katika Python haubadiliki; amri hutoa mwingine mpya. Mimi nilisahau, nikachapa karatasi 30 zile zile za kwanza, na mhariri akanirudishia zote.