Bibi Anapotania, Tusikilize Mara Mbili

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Akina mama wengi tunaikubali methali hii tukiwa kanisani, lakini nyumbani mzee akifungua kinywa tunaongeza sauti ya televisheni. Mwezi huu tunapenda kuwasimulia juu ya mzee mmoja wa hapa Mbeya, ambaye ametufundisha mambo mengi kwa kutuchekesha, na jambo moja kwa kututisha.

Sisi tunaohudumu wodini siku za kazi na kanisani siku ya Jumapili tumejiwekea desturi ya kupita kwa wazee wa mtaa mara moja kwa juma. Tunapima presha, tunasali pamoja, tunakunywa chai. Bibi huyu, ambaye jina lake tunalihifadhi, ni mzaliwa wa upande wa Kalenga, Iringa. Alikuja Mbeya kukaa na mwanawe baada ya kufiwa na mumewe. Ukifika mlangoni husemi "hodi" ukapita. Ni lazima kwanza useme "Kamwene" kama mtu uliyelelewa.

Cheti cha kuzaliwa hana. Anachokumbuka ni kwamba mwaka 1954, fuvu la Mtwa Mkwawa liliporudishwa Kalenga na Gavana Twining, yeye alikuwa msichana wa kutosha kubeba mtungi wa maji kichwani. "Basi hesabuni wenyewe," hutuambia, "si ninyi mliosoma?" Halafu huongeza: "Kichwa cha Mtwa kilikaa ugenini miaka zaidi ya hamsini, kikarudi nyumbani. Wajukuu zangu wako Dar es Salaam tu, na basi ni la asubuhi na jioni, lakini hawarudi."

Jembe, nyumba na kofia

Ukitaka Bibi achangamke, mwulize habari za siasa. Uchaguzi wake wa kwanza ulikuwa wa mwaka 1965, wakati wa chama kimoja. Wagombea ubunge walikuwa wawili, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine ya nyumba, ili hata asiyejua kusoma aweze kuchagua. "Mimi nilichagua jembe," anasema. "Mpaka leo jembe ninalo. Nyumba ndiyo nimekuja kuipata kwa mwanangu."

Mwaka 1995 ulipokuja uchaguzi wa kwanza wa rais wa vyama vingi, wagombea walikuwa wanne, na Bibi alipata khanga na kofia. Khanga aliivaa, kofia ilichuja rangi kwenye mvua ya kwanza. "Zawadi sikatai," asema. "Ila khanga ni ya kiunoni na kura ni ya moyoni. Anayedhani amenifunga kiuno hajanifunga moyo."

Juu ya wanawake katika uongozi ana maneno yake. Spika wa kwanza mwanamke wa Bunge letu, Mama Anne Makinda, aliyechaguliwa mwaka 2010, alikuwa mbunge wa Njombe Kusini, na wakati huo Njombe ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa. Mwaka 2022 akachaguliwa Dk. Tulia Ackson, aliyekuwa mbunge wa Mbeya Mjini. Bibi hujivuna kana kwamba wote wawili amewalea yeye. "Wanaume walituambia wanawake tuna maneno mengi," asema. "Mwisho wakaona wampe mwanamke kazi ya kuwaambia wao wakae chini."

Kuna jambo moja tu la siasa ambalo hataniani nalo. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima katika ugomvi uliohusu mashamba wakati wa ujamaa. Tulipomwuliza, alinyamaza akapangusa meza isiyokuwa na uchafu. Kisha akasema, "Siku ile chakula cha sikukuu kililala. Hasira ya mtu mzima ni moto wa nyasi, wanangu. Hauulizi shamba ni la nani."

Lakini kumbukumbu anayoipenda ni ya tarehe 1 Mei 1995. Mwalimu Nyerere alikuja Mbeya kwenye sherehe za Mei Mosi akazungumza juu ya kiongozi anayefaa kwa taifa: achukie rushwa, asiwagawe watu kwa ukabila wala kwa udini. Alikuwa na miaka 73, na urais alikwisha kuuacha tangu 1985. "Mzee yule alistaafu Ikulu na nchi nzima ikakaa kimya kumsikiliza," asema Bibi. "Mimi nimestaafu jikoni tu, mnataka ninyamaze?"

Simu isiyo na maneno

Mume wa Bibi alifanya kibarua upande wa Makambako wakati Wachina na Watanzania wakijenga reli ya TAZARA, kati ya mwaka 1970 na 1975. Reli hiyo ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Akiwa huko alikuwa akimwandikia mkewe barua. "Barua ilichelewa majuma mawili," asema Bibi, "lakini ikifika ilikuwa na salamu za kila mtu, hata mbuzi aliulizwa hali. Sasa mjukuu anatuma ujumbe unafika kabla sijavaa miwani, na ndani yake kuna kidole gumba tu. Nifanye nini na kidole?"

Hata hivyo si mtu wa kukataa kila kipya. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008 alitilia shaka, lakini siku mwanawe wa Iringa alipomtumia nauli bila kumpa dereva wa basi bahasha, alitoa shukrani kanisani. Kinachomchekesha ni wezi wa siku hizi wanaotuma ujumbe wa kudai hela itumwe kwenye namba yao. "Mwizi wa zamani alikuja usiku, tena kwa aibu. Huyu wa sasa anaomba mchana, anaandika na 'tafadhali'." Hapa tunawakumbusha akina mama: mfundisheni mzee kwamba namba ya siri haipewi mtu, hata ajitambulishe kuwa ni ofisa wa kampuni ya simu.

Vikapu na mwamba wa Igeleke

Bibi anasuka vikapu vya milulu kama wanawake wengi wa Iringa walivyofundishwa na mama zao. Macho yamepungua, lakini vidole bado vinajua njia. Wageni wanavinunua kwa bei ambayo humshangaza. "Nilipobebea mahindi kiliitwa kikapu. Mgeni alipokitundika ukutani kikaitwa sanaa."

Anakumbuka pia mwamba wa Igeleke, kando ya mji wa Iringa, wenye michoro ya watu na wanyama iliyochorwa na watu wa kale sana. "Wale walichora wasiandike majina yao. Siku hizi mtu hajaimba hata ubeti mmoja, jina na picha yake vimeshabandikwa kila ukuta."

Safari moja akina mama wa kanisa walimpeleka Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mjini Iringa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ili watu wenye ulemavu wapate ufundi na kipato. Katika mgahawa wa pale aliandikiwa chai na mhudumu kiziwi, kwa ishara na kalamu. Alirudi akiwa na neno moja, nasi tulilicheka bila kulipima: "Pale mhudumu hasikii, na amenielewa. Nyumbani kwetu wote wanasikia."

Siku tuliyoacha kucheka

Ilikuwa mwezi wa Juni, wakati baridi ya Mbeya inaposhika mifupa. Tulimwuliza Bibi, kama kawaida, juu ya vidonge vyake vya presha. Akajibu, "Vidonge vyangu viko likizo. Navyo vimechoka." Tukacheka. Mkamwana wake akacheka. Tukanywa chai tukaondoka.

Juma lililofuata tuliitwa. Bibi alikuwa ameanguka mlangoni alipoamka alfajiri. Tulipompima, kipimo cha juu kilipita 180. Kwa neema ya Mungu hakuvunjika mfupa wala hakupooza. Tulipofungua kopo lake la dawa tulikuta nusu mbili za kidonge zilizofungwa kwenye kipande cha gazeti. Alikuwa akivikata ili visiishe upesi, kwa sababu dawa zilikosekana dirishani, na alijua mwanawe anatafuta karo ya shule.

Mkamwana alilia. "Mama, mbona hukuniambia?"

Bibi akamwangalia kwa upole. "Nilikuambia, mwanangu. Mlicheka."

Akina mama wenzetu, maneno yale yalituuma kuliko lawama yoyote. Mkamwana si mwanamke mbaya. Anaamka saa kumi, anauza Soko la Mwanjelwa, anarudi na mzigo. Lakini sisi tulikuwa na kipimo mkononi na elimu kichwani, na tuliuona utani tusione ombi lililokuwa ndani yake. Mzee asiyetaka kuwa mzigo hasemi "nisaidieni". Hutania, halafu huangalia kama kuna atakayeuliza swali la pili.

Tufanye nini nyumbani?

Kwanza, usimwulize mzee tu kama amekunywa dawa. Mwombe akuonyeshe, uhesabu pamoja naye kwa heshima. Dawa ya presha haiachwi wala haikatwi bila ushauri wa mganga, hata kama mtu anajisikia mzima. Kipimo kinachofika 140 kwa 90 mara kwa mara kinataka kuonwa hospitali.

Pili, ulizeni haki yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na utaratibu wa serikali ni kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Dawa ikikosekana, familia ijue mapema, siyo kopo likiwa tupu.

Tatu, mzee asiamke kwa ghafla. Aketi kitandani kidogo kwanza, ndipo asimame. Chumvi ipungue mezani. Na wakati wa baridi, jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake huua bila kelele.

Nne, mpeni dakika kumi kwa siku, simu zikiwa kando. Mketi upande wa sikio linalosikia vizuri. Mzee akitania, cheka naye, kisha uliza: "Mama, una maana gani?"

Mambo ya Walawi 19:32 inatuagiza kusimama mbele ya mwenye mvi. Bibi anasema kwenye daladala agizo hilo lina taabu, maana vijana wakimwona anapanda, wote wanapatwa na usingizi. Nyumbani kwetu, basi, tusisinzie. Naomi alikuwa na maneno ya uchungu, lakini Ruthu hakumwacha njiani, na kutoka nyumba ile baraka ikatoka kwa watu wote.

Siku hizi mkamwana ndiye anayeweka kopo la dawa karibu na chai, na kila Jumamosi wanahesabu wawili. Juma lililopita tulimwuliza Bibi habari za vidonge. Akasema, "Vimerudi kazini. Tena sasa vina msimamizi mkali kuliko Spika."

Tulicheka sana. Kisha tukafungua kopo, tukahesabu.