Kura ya Maore

Ndugu zetu wa Maore, mmojawapo wa visiwa vinne vya Komoro na mkoa wa Ufaransa tangu 2011, wengi wao ni Waislamu. Hata hivyo, katika duru ya pili ya uchaguzi wa Rais, Aprili 2022, kura 59 katika kila 100 zilizopigwa kisiwani zilikwenda kwa Marine Le Pen wa mrengo wa kulia, aliyeshindwa Ufaransa nzima kwa asilimia 41.5. Wako waliocheka. Sisi hatukucheka.

Bibi Hanna Pitkin, mtaalamu wa sayansi ya siasa, aliandika mwaka 1967 kitabu kizima juu ya maana ya uwakilishi. Alitenganisha kufanana na watu na kuwatendea kazi: mjumbe aweza kuwa wa dini yako na lugha yako, na shida zako zisifike popote. Le Pen hakufanana nao kwa lolote, ila alifika kisiwani Desemba 2021 akawasikiliza. Kisiwa chenyewe hakina maji ya kutosha. Mwaka 2023 mifereji ilikauka siku mbili katika kila tatu.

Dawa aliyowauzia, kuwafukuza wahamiaji, ambao wengi ni jamaa zao wa Nzwani, haiponyi. Viza ipo tangu 1995, na vyombo viitwavyo kwasakwasa vimezidi kuzama.

Julai 2024 kiti kimoja cha Maore katika Bunge la Paris kilichukuliwa na mwenyeji wa kisiwa kwa tiketi ya chama cha Le Pen. Mjumbe sasa anafanana nao. Kwa mizani ya Bibi Pitkin, bado tunauliza habari za maji.