Uvumilivu na Ustahimilivu: Funzo la Usafiri Kampala

Wanafunzi wetu hulikuta neno "ustahimilivu" katika ripoti za mipango miji na kulifasiri kuwa ni uvumilivu tu. Kamusi zinawaunga mkono, kwani kuvumilia na kustahimili ni visawe. Hata hivyo, linapotumika kuhusu miji, neno hili limepata maana pana zaidi. Tutaieleza kwa mfano wa Kampala.

Tarehe 25 Machi 2020, serikali ya Uganda ilisimamisha usafiri wa umma ili kuzuia UVIKO-19. Teksi, ambazo wenzetu wa Kenya huziita matatu na wa Tanzania daladala, ziliegeshwa. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo, si abiria. Siku tano baadaye magari ya binafsi nayo yalipigwa marufuku.

Chakula kiliendelea kupatikana. Wauzaji wa vyakula waliagizwa kulala sokoni, na waendesha boda wakapeleka bidhaa majumbani. Wafanyakazi wengi walikwenda kwa miguu au kwa baiskeli. Lakini mgonjwa aliyehitaji gari alilazimika kwanza kupata kibali cha Kamishna Mkazi wa Wilaya, na uchungu wa kuzaa haungoji muhuri. Ilibidi agizo lirekebishwe mwezi Aprili ili wajawazito wasafiri bila kibali.

Teksi zilirejea Kampala mwezi Juni zikiwa na nusu ya abiria, yaani 7 badala ya 14, na nauli ikapanda. Boda zilirudia kubeba abiria tarehe 27 Julai.

Tofauti tunayoitafuta iko hapa. Mama aliyetembea usiku kwenda kujifungua alivumilia. Mji ungestahimili kama angekuwa na kituo cha afya karibu, au gari lililoruhusiwa kumfikia tangu siku ya kwanza. Kwa maana hii, ustahimilivu ni uwezo wa mji kupatwa na pigo lisilotarajiwa, kuendelea kutoa huduma za lazima na kujirekebisha. Pale mji unaposhindwa kustahimili, mzigo huangukia uvumilivu wa wakazi wake.

Tunawashauri walimu wawape wanafunzi zoezi hili: waeleze siku moja ambayo mafuriko au mgomo uliwazuia kufika chuoni, kisha waonyeshe ni nani alivumilia na ni nini kilichostahimili.